Namna ya Kuwa Mhakiki wa Filamu Bila Kunyanyuka Kochini

Karibu, ndugu yangu, kaa. Najua umeshakaa. Mwongozo huu ni wa mtu anayetazama filamu nyumbani kwake, amevaa bukta au kanga, sahani ya wali iko mapajani, rimoti imeshapotea kwenye mito, na Jumatatu kuna mtu kazini atamuuliza: "Ile umeiona?" Kuiona ni jambo moja, kuwa na la kusema ni jambo jingine. Kuiona kunakula saa mbili. La kusema nakupa hapa hapa.

1. Chagua mpaka chakula kipoe

Usiwe na haraka ya kuanza. Pitia orodha yote, soma maelezo, tazama trela, rudi nyuma, tazama trela nyingine. Trela ina mlipuko, ina busu, ina machozi, na ina yule mzee anayetamka maneno mazito akiangalia dirishani. Kilichobaki nje ya trela ni watu kupanda na kushuka magari. Ukimaliza trela nne umetazama filamu nne, na usiku bado mbichi.

Dhamiri ikianza kukusuta, kumbuka hili. Mwanzoni mwa 2020 Netflix ilibadili namna ya kuhesabu watazamaji: mtu aliyechagua filamu akakaa nayo walau dakika 2 alihesabiwa kuwa kaitazama. Kabla ya hapo walitaka ufike asilimia 70, sharti la kikoloni kabisa. Baadaye wakahamia kwenye kuhesabu saa, lakini sisi tubaki na sheria ya dakika 2, ilikuwa na utu. Mwenye mali alishasema umetazama. Wewe ni nani umbishie?

2. Lala kwa heshima

Utalala. Tusidanganyane. Umeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, umeshiba, na taa imezimwa ili "picha ionekane vizuri". Kulala si aibu. Aibu ni kuzinduka na kuuliza, "Kwani huyu nani?" Swali hilo limewaumbua watu wazima wengi mbele ya watoto wao. Ukizinduka, usikurupuke wala usipanguse mdomo. Tazama kioo sekunde kumi, tikisa kichwa taratibu, kisha sema: "Nilijua tu."

Basi, imetosha. Bado haijatengenezwa filamu ambayo maneno hayo hayaifai.

Na yanafaa kwa sababu kanuni kuu ya sinema tulifundishwa kwenye vibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, kabla hatujasikia kwamba kuna kazi inaitwa uhakiki: stelingi hafi. Ndiyo maana Schwarzenegger alipoingia kisiwani peke yake katika Commando ya 1985 na kulifyeka jeshi zima, hakuna mtu kibandani aliyedai maelezo. Stelingi akifa je? Basi hakuwa stelingi, ulikuwa unamfuata mtu siye. Ubishi wa Sholay, ile picha ya Kihindi, uliishia hapo hapo. Amitabh Bachchan alipokata roho mikononi mwa rafiki yake, nusu ya sebule ililia, nusu ya pili ikatangaza kwamba stelingi alikuwa Dharmendra tangu mwanzo.

3. Shika jambo moja dogo, usiliachie

Wahakiki wa magazetini huzungumzia maudhui, mwanga na uhariri. Huko usiende, utazama. Wewe tafuta kasoro moja ya kimaisha. Mbona kaamka asubuhi na lipstiki haijafutika? Mbona katikati ya New York kapata pa kupaki mbele ya mlango anaoutaka? Mbona simu za hawa watu haziishi chaji? Mbona anaondoka mezani, chai haijanywewa, mkate haujaguswa, na mama yake hasemi kitu? Chagua moja, lirudie mara tatu filamu ikiendelea, mara ya nne litakuwa hoja.

Usidharau silaha hii. Titanic ya James Cameron ilitoka mwaka 1997 ikazoa Oscar 11. Miaka 25 ikapita, na Cameron bado alikuwa akiandamwa na swali moja la watu waliokaa majumbani kwao: ule ubao aliolalia Rose, si ulitosha wawili? Hawakumuuliza habari za muziki wala gharama. Waliupima ubao kwa macho, wakamhurumia Jack. Mwaka 2023, katika kipindi cha National Geographic, mzee wa watu ikambidi awatumbukize mwanamume na mwanamke kwenye maji ya baridi na kujaribu namna moja baada ya nyingine, mpaka akakiri kwamba ipo namna ambayo Jack angeweza kupona. Mwongozaji mwenye Oscar zake kabatini kaangushwa na watu wenye bakuli la bisi.

4. Ukibanwa na wasomi

Iko siku utakaa meza moja na kijana aliyesomea mambo ya filamu. Utamjua kwa namna anavyotaja jina la mwongozaji kabla ya jina la picha. Usiogope, ila jiandae.

Anza kwa kuijua orodha yao, maana kila ubishi wao unarudi huko. Jarida la Uingereza liitwalo Sight and Sound huwauliza wahakiki, kila baada ya miaka 10, filamu ipi ni bora kuliko zote. Citizen Kane ya Orson Welles ilikalia kiti kuanzia kura ya 1962 mpaka ya 2002. Mwaka 2012 ikapinduliwa na Vertigo ya Hitchcock. Mwaka 2022 Vertigo nayo ikapinduliwa na Jeanne Dielman, filamu ya 1975 ya Mbelgiji Chantal Akerman. Hiyo ina dakika 201, na sehemu kubwa ya dakika hizo mama mmoja mjane wa Brussels anatandika kitanda, anasafisha bafu, anapika na anamenya viazi. Kamera imetulia haitikisiki. Mwishoni kuna jambo zito linatokea, ila wengi wetu hatutafika huko.

Njia za kuivuka ni mbili. Ya kwanza ni kitufe cha kasi. Netflix ilikiweka kwenye simu mwaka 2020, na programu nyingi nyingine zinacho. Baadhi ya waongozaji wa Marekani walikuja juu lilipokuwa bado jaribio tu, wakalalamika kazi yao inachezewa, lakini hao hawajui bei ya bando. Weka 1.5, na zile dakika 201 zinabaki 134. Viazi vinamenywa kwa kasi ya mama ntilie saa tano asubuhi.

Njia ya pili ni kusema, "Ile picha ina ukimya wake." Kisha nyamaza, ili ukimya uonekane. Ukiombwa uongeze neno, ongeza: "Inahitaji utulivu." Mwenye akili ataelewa kwamba ulilala, lakini hawezi kukuambia, maana naye alilala.

Kitu kimoja tu nakukataza: usiitazame na mama yako. Atavumilia dakika tano za kiazi cha kwanza, atauliza kama huyo dada hana kisu chenye makali, kisha atanyanyuka kwenda kumenya vya kwake. Na tukiwa wawili tu, nakunong'oneza: huyo ndiye aliyeielewa. Akerman alitaka uusikie mwilini urefu wa kazi za nyumbani. Mama anaujua tangu kabla ya umeme kufika mtaani kwenu, haoni kwa nini akae asimuliwe.

Kijana akihamia kwa Wajapani, hapo furahi, umefika nyumbani. Atakwambia kuhusu Seven Samurai ya Akira Kurosawa, ya 1954, zaidi ya saa tatu, nyeusi na nyeupe. Wanakijiji wanaonewa na majambazi, wanatafuta wapiganaji wa kuwalinda. Mwache amalize, kisha uliza kwa upole: "Kama Sholay?" Atakwama. Marekani waliichukua hadithi ile wakaigeuza The Magnificent Seven mwaka 1960, na Sholay ya 1975 ikachota kwa wote wawili: kijiji kinateswa na Gabbar Singh, afisa wa polisi mstaafu anawakodi wahuni wawili wakamkamate. Kwa hiyo wewe, mjomba wako, na kila aliyekulia kwenye mikanda ya Kihindi mmekuwa wanafunzi wa Kurosawa miaka yote hii, tena kwa nyimbo. Mwambie hivyo hivyo, na uagize soda.

5. Tahadhari kuhusu nukuu

Hapa wengi huanguka. Kama picha uliitazama ikiwa imetafsiriwa na Lufufu au DJ Afro, usinukuu hata neno moja mbele ya watu. Uliyoitazama ni picha nyingine, na mara nyingi ni bora kuliko ile ya kwanza. Stelingi wa Hong Kong hajawahi kumtishia adui kwamba atampiga mpaka asahau njia ya kurudi Manzese. Maneno hayo ni ya msimuliaji, kayaokota mtaani kayapachika mdomoni mwa Mchina, na wewe ukaondoka ukidhani waandishi wa Hong Kong wana utani mzuri. Sifia mapigano, yaache mazungumzo.

6. Ficha unachokipenda

Una cha hadharani na cha faragha. Hadharani unapenda filamu za "kufikirisha". Faraghani una sizoni ya Kikorea na rundo la bongo movie kwenye flashi, sehemu ya kwanza na ya pili, na unajua fika kwamba yote hayo yangetosha kuwa sehemu moja. Ukifumaniwa, sema umewakuta watoto wanatazama. Ukifumaniwa saa saba usiku na watoto wamelala, sema unafuatilia maendeleo ya tasnia. Ukifumaniwa unalia kwenye picha ya marehemu Kanumba, usiseme lolote. Aliyekufumania atakaa pembeni yako, na baada ya dakika kumi mtakuwa mnalia wawili.

Ila na wewe kuwa na kiasi. Nawajua watu wanaosema Jeanne Dielman ni ndefu mno kwa mtu mwenye kazi zake, na watu hao hao walimaliza Jumong ya Wakorea, vipindi 81, karibu saa nzima kila kimoja, wakalalamika kwamba imeisha mapema.

7. Ukiwa peke yako upande wako

Wakati mwingine utaipenda picha ambayo kila mtu kaiponda. Usirudi nyuma, na wala usiwe mnyonge. Taja The Shawshank Redemption.

Ilitoka mwaka 1994, hadithi ya mfungwa anayeishi kwa subira. Kwenye majumba ya sinema ilidoda. Iligharimu dola milioni 25 hivi, na ilipoonyeshwa mara ya kwanza Marekani ilirudisha kama milioni 16. Jina lenyewe watu walishindwa kulitamka. Ikateuliwa kuwania Oscar 7, ikarudi mikono mitupu, mwaka huo Forrest Gump akazoa. Kwa wakubwa wa biashara, habari yake ilikuwa imekwisha.

Walioifufua ni watu wa kochini. Waliikodi kwenye kanda za video, wakampa jirani, jirani akampa shemeji yake. Kisha televisheni za Marekani zikaanza kuirusha tena na tena, na watu wakawa wanaidaka katikati: huyu kaanzia alipotupwa chumba cha giza, yule kaanzia kwenye mvua. Kwa miaka mingi sasa ndiyo iliyo juu kwenye orodha ya filamu zilizopigiwa kura na watazamaji wa IMDb. Picha ile haikuokolewa na mhakiki wala tuzo. Iliokolewa na watu waliovaa bukta, na wengi wao mwanzo wake hawakuuona. Kwa hiyo ukipenda kitu, penda kwa kiburi, una historia nyuma yako.

8. Nyota

Mwisho wa yote utadaiwa nyota. Toa tatu. Nyota tano zinaonyesha hujatazama picha nyingi, na nyota moja inaonyesha umetazama mpaka mwisho, ambalo ni kosa kubwa zaidi. Nyota tatu hazijawahi kumkosanisha mtu na wakwe.

Kama unataka za kwangu mimi: Titanic tatu, kwa sababu ya ubao. Jeanne Dielman tatu. Sholay tano. Jumong sijadili na mtu.