Kitanda Msichokilalia: Barua ya Wazi kwa Baraza la Magavana

Fundi wa Vitanda,
Kando ya Barabara ya Mumias,
Lurambi, Kakamega.

Kwa Mwenyekiti na Wanachama,
Baraza la Magavana,
Delta Corner, Westlands,
Nairobi.

Waheshimiwa,

KUH: OMBI LA KUSAJILIWA KUWA MHUDUMU WA AFYA

Mimi ni fundi wa vitanda. Naunda vya mbao, naunda vya chuma, na mteja mwenye mfuko mwembamba namwundia vya kuchanganya. Naandika kuomba nisajiliwe kuwa mhudumu wa afya wa ngazi ya juu, nipewe marupurupu yanayoendana na cheo hicho, na nilipwe malimbikizo yangu tangu mwaka 2020. Msidhani ni tamaa. Nimefuata hesabu zenu wenyewe, nazo ndizo zilizonifikisha hapa.

Mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa nchini Machi 13, 2020. Kufikia katikati ya mwaka huo kila kaunti ilikuwa imeagizwa iwe na angalau vitanda 300 vya kuwatenga wagonjwa. Kaunti 47 mara 300 ni vitanda 14,100. Kwa muda mrefu hatukusikia hadithi nyingine. Gavana akisimama mbele ya kamera aliulizwa swali moja tu: "Mheshimiwa, una vingapi?" Mwenye 300 alitabasamu, mwenye pungufu alieleza kwamba vingine viko njiani. Kumbi na mabweni yakapangwa vitanda mistari kwa mistari, shuka zikanyooshwa, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Hata hivyo siku ya mwisho ya agizo hilo ilipowadia, kaunti nyingi zilikuwa bado hazijatimiza idadi.

Katika yote hayo sikumsikia mtu akiuliza ni nani atakayesimama kando ya kitanda saa nane za usiku. Nikaelewa basi kwamba hospitali ni kitanda, na kama hospitali ni kitanda, mwenye kuunda kitanda ndiye mwenye kuunda hospitali. Daktari husomea udaktari miaka sita na akitoka chuoni hawezi kuongeza kitanda hata kimoja. Mimi, umeme usipopotea, naongeza kabla jua halijatua. Rais wa wakati ule naye aliliona hilo. Mei 23, 2020, alipotangaza mpango wa kuufufua uchumi, vitanda vya hospitali vilivyoundwa humu nchini vilikuwamo. Tuliomsikiliza kwenye karakana za jua kali tulinoa randa siku hiyohiyo.

Sisi wa Kakamega tulikuwa na fahari ya ziada. Mwenyekiti wa Baraza lenu wakati ule alikuwa gavana wetu, Mheshimiwa Wycliffe Oparanya. Aliposema kwa niaba ya kaunti zote, sauti ilikuwa ya kwetu. Na kwetu tayari kulikuwa na mradi wa kuwafunza wengine: hospitali mpya ya mafunzo na rufaa yenye vitanda 750, yaani mara mbili na nusu ya idadi iliyoagizwa. Ilikuwa na dosari moja ndogo, ambayo nasita kuitaja kwa kuwa huenda ni wivu wa mafundi wa nje: haikuwa imekamilika. Korona iliingia ikalikuta jengo halijakamilika. Mheshimiwa Oparanya alimaliza mihula yake miwili mwaka 2022 akaliacha halijakamilika. Wakosoaji walisema mengi. Mimi nasema ndiyo hospitali kubwa ya pekee ambayo katika janga zima haikumrudisha mgonjwa hata mmoja kwa kukosa nafasi. Haikulalamikiwa kwa foleni, haikuishiwa na dawa, na wahudumu wake hawakugoma. Wagonjwa, kwa ukaidi wao, waliendelea kumiminika kwenye ile ya zamani, ambayo wazee bado huiita Provincial.

Wapo wataalamu wasiopenda kuona watu wakifurahi. Watafiti wa mpango wa KEMRI-Wellcome Trust walikaa mwaka huo wa 2020 wakahesabu yale yasiyopigwa picha. Wakapata kwamba Kenya nzima ilikuwa na vitanda 537 vya wagonjwa mahututi na mashine 256 za kusaidia kupumua, na kwamba ni kaunti 22 tu kati ya 47 zilizokuwa na angalau chumba kimoja cha wagonjwa mahututi. Kaunti 25 zilizosalia zilikuwa na maombi na barabara ya kwenda kwingine.

Habari hizo zingevunja moyo serikali legelege. Yetu, Juni 2020, ilitangaza mwongozo wa kuwahudumia wagonjwa nyumbani. Sijaona upanuzi wa hospitali uliofanywa haraka namna ile tangu tupate uhuru: kwa tangazo moja kila nyumba ikawa wodi. Mgonjwa alitakiwa awe na chumba chake chenye hewa ya kutosha, vyombo vyake, na ikiwezekana choo chake. Huku kwetu vijana wenye simba zao, yaani vibanda vyao vya ujana, walihama wakamwachia mgonjwa. Kwenye vyumba vya kupanga vya mtaa wa Amalemba, ambako baba, mama, watoto na jiko la makaa hulala pamoja, ilibidi mgonjwa ajitenge kwa kuugeukia ukuta.

Nirudi kwenye taaluma yangu, maana kuna jambo limenisumbua. Nilijaribu kupiga hesabu ya vitanda 300 kama ninavyompigia mteja yeyote. Tuseme muuguzi mmoja aangalie wagonjwa 10, jambo ambalo kwa wagonjwa wa kukosa pumzi ni kumtesa yeye na wao. Vitanda 300 vinataka wauguzi 30. Siku ina zamu tatu, kwa hivyo ni 90. Hapo sijahesabu siku za mapumziko, likizo, wala muuguzi mwenyewe kuambukizwa. Waheshimiwa, vitanda 300 nitaviunda. Wauguzi 90 nitawachonga kwa mti gani?

Nikaja kwenye oksijeni. Mtungi mkubwa hubeba takriban lita 6,800. Mgonjwa anayehitaji lita 10 kwa dakika anaumaliza kabla ya saa 12 kupita. Wagonjwa 20 wa namna hiyo wanamaliza mitungi zaidi ya 40 kwa siku, na kesho yake wanaitaka mingine 40, kwa kuwa mgonjwa hana desturi ya kupumua siku moja kisha akapumzika. Machi 2021, wimbi la tatu lilipopanda, Wizara ya Afya iliwaomba waliokuwa na mitungi ya oksijeni iliyokaa bure waitoe. Jirani yangu, ambaye hukata vyuma kwa gesi, alishtuka kugundua kwamba miaka yote hiyo alikuwa mdau wa sekta ya afya bila kuambiwa. Naye anaomba malimbikizo.

Kisha ikaja Delta, ile ya virusi. Juni 1, 2021 sherehe za Madaraka zilifanywa Kisumu. Juni 17 serikali ikatangaza kaunti 13 za huku kwetu na Nyanza, pamoja na sehemu za Bonde la Ufa, kuwa kitovu cha maambukizi, Kakamega ikiwamo. Kafyu ikarudishwa nyuma hadi saa moja jioni. Waombolezaji wasizidi 50. Marehemu azikwe ndani ya saa 72. Sisi ambao matanga yetu huchukua muda wake tulinung'unika kidogo, lakini nakiri ilikuwa mara ya kwanza kusikia serikali ikijifunga kwa muda maalumu katika huduma ya afya. Mgonjwa wa kule Likuyani angefurahi kuahidiwa kitanda chenye oksijeni ndani ya saa 72. Aliyepewa ahadi hiyo ni marehemu.

Wizara ya Afya isijione imesahaulika. Wakati mlipokuwa mkihesabu vitanda, yenyewe ilihesabu vikombe. Bajeti iliyofika mbele ya wabunge Aprili 2020 ilikuwa na shilingi milioni 4 za chai na vitafunio, milioni 2 za muda wa maongezi ya simu, na milioni 42 za kukodi ambulensi. Baadaye mkaguzi wa hesabu za serikali akatilia shaka ununuzi wa shilingi bilioni 7.8 uliofanywa na Kemsa, shirika la serikali la ununuzi wa dawa na vifaa vya matibabu. Katikati ya haya, nyinyi mlilalamika kwamba fedha hazifiki kaunti kwa wakati, Wizara ikajibu kwamba zimetumwa na zitolewe hesabu. Sisi tulioko chini hatukujua tumwamini nani, maana zilipotoka hatukuziona na zilipofika hatukuziona.

Msiniambie ugonjwa ulikuwa mpya. Somo lilikuwa la zamani. Mwaka 2015 kaunti ziliingizwa kwenye mpango wa kukodishiwa mitambo ya hospitali, zikawa zinakatwa fedha kila mwaka. Kuna hospitali ambako mashine zilikaa ndani ya makatoni yake kwa kukosa mtaalamu, au maji, au umeme. Kamati ya Seneti ilichunguza na mwaka 2020 ikatoa ripoti kali. Kwa hivyo mlipoanza kuhesabu vitanda mlikuwa mnajua tayari, tena kwa gharama, kwamba kifaa bila mtu ni mzigo wa stoo. Mlihesabu vitanda kwa sababu kitanda hakidai mshahara, hakiandamani, na kikipigwa picha leo kinafanana na kile cha jana.

Hapa naomba niweke randa chini. Desemba 7, 2020 wauguzi na matabibu waligoma, na kabla ya Krismasi madaktari wakawafuata. Walidai vifaa vya kujikinga, marupurupu ya hatari na bima. Walijibiwa kwa maonyo. Siku hiyohiyo ya Desemba 7 alifariki Dkt Stephen Mogusu, mwenye umri wa miaka 28, aliyewahudumia wagonjwa wa Korona huko Machakos. Alikuwa amefanya kazi kwa miezi bila mshahara, hana bima. Vitanda alivyovihudumia vilikuwa vimehesabiwa na kutangazwa. Yeye hakuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Kwa hayo, waheshimiwa, nawasilisha maombi matatu.

La kwanza, kama kitanda ndiyo hospitali, nisajiliwe. Kama sivyo, basi badilisheni hesabu. Kitanda kisihesabiwe mpaka kiwe na muuguzi wa zamu aliyelipwa mwezi uliopita, oksijeni inayotoka ukifungua, jenereta yenye mafuta, na gari la kumleta mgonjwa kutoka Khwisero au Lugari bila jamaa zake kwanza kuuza ng'ombe. Vitakavyobaki baada ya mchujo huo, hata vikiwa 17, vitangazeni. Vitanda 17 vya kweli vinamwambia mwananchi aende wapi. Vitanda 300 vya picha vinampotezea saa aliyohitaji.

La pili, idadi hiyo isiishie kwenye mikutano yenu. Ibandikwe kila mwezi kwenye lango la hospitali na kwenye ofisi ya chifu: wauguzi waliopo, wanaohitajika, mitungi iliyojaa, mitungi mitupu. Msingoje ugonjwa mwingine uingie ndipo muulizane nani alipaswa kuhesabu. Afya imekuwa mikononi mwenu tangu 2013.

La tatu ni la kiutamaduni. Gavana yeyote atakayezindua wodi alale humo usiku mmoja, kama mgonjwa wa kawaida, bila walinzi na bila msafara wa kumrudisha Nairobi asubuhi. Wahenga walishasema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tunawajua kunguni kwa majina. Nyinyi bado mnakata utepe.

Msidhani kazi kubwa haiwezekani kwetu. Desemba 31, 2021, wakati Omicron ikienea, umati uliitwa kwenye uwanja wa Bukhungu hapa Kakamega kusikia siasa za urithi wa Ikulu, na watu wakaja. Vipaza sauti vilikuwapo. Viongozi walikuwapo. Hakuna aliyesema kaunti haina uwezo.

Kwa kuwa ninyi ni wateja wangu wa siku zijazo, naambatanisha kadirio langu la kazi:

Vitanda 300 vya chuma, rangi nyeupe: vinapatikana. Nusu ya malipo kabla ya kuanza, nusu vikifika.

Magodoro 300: yanapatikana.

Wauguzi 90: hatuwatengenezi hapa. Wako mitaani na vyeti vyao, wengine wanauza mitumba. Waajirini, kisha muwalipe.

Oksijeni: ulizeni ofisini mwenu kabla hamjamuuliza tena jirani yangu.

Wenu katika ujenzi wa hospitali,

Fundi wa Vitanda, Lurambi.

Nakala: Wizara ya Afya, Afya House, Nairobi. Chai msijisumbue, tutakuja tukiwa tumekunywa.