Kadhi Kobe na Sisimizi

Katika msitu wa Simba, kazi za hesabu zilifanywa na sisimizi. Kila mmoja alikuwa na njia yake iliyochorwa vyumba vidogo vidogo, na maagizo yake: soma alama iliyo chumbani, iache au uibadili, kisha sogea hatua moja kushoto au kulia. Kwa hatua hizo tu walijumlisha, walizidisha, hata walihakiki hoja za wanazuoni. Kuna waliomaliza wakapumzika. Kuna waliokwenda na kurudi mwaka hadi mwaka.

Simba alichoka kungoja. Akataka kanuni moja ya kutazama maagizo yoyote na kutamka mapema: huyu atakoma, huyu hatakoma. Kobe akaapa kwamba anayo, na baraza likamvika kilemba cha ukadhi kabla ya kumjaribu.

Akaja sisimizi mmoja kijana. "Shikamoo, Kadhi. Kanuni yako inaandikika kwa hatua zetu?"

"Marahaba, mwanangu. Inaandikika."

"Basi nimeitia ndani ya maagizo yangu. Nitaiuliza habari zangu mwenyewe. Ikisema nitakoma, nitazunguka milele. Ikisema sitakoma, nitaketi papo hapo. Nihukumu."

Kobe akafungua kinywa, akakifumba. Fisi akapiga kelele aletwe kadhi msomi zaidi, na wengi wakamuunga mkono. Lakini hoja ile haikugusa elimu ya Kobe. Iligusa kila kanuni iwezayo kuandikwa, na hapo ndipo uzuri wake unaponishika.

Simba wa kweli alikuwa David Hilbert wa Göttingen. Mwaka 1928, yeye na Wilhelm Ackermann walidai ipatikane njia ya kuamua kama fomula yoyote ya mantiki ni halali. Mwaka 1936 Alan Turing, kijana wa Cambridge, alionyesha kwamba mwendo wa mashine kama sisimizi hawa unaweza kuandikwa kwa fomula. Anayeweza kuamua fomula zote angeweza kuwahukumu sisimizi wote, jambo lisilowezekana; kwa hiyo njia hiyo haipo. Alonzo Church wa Princeton alikuwa ametangulia kidogo kufika huko kwa njia nyingine.

Kule msituni, "Nitajua nini basi?" Simba akauliza.

"Anayekoma, ukingoja utamwona," kijana akajibu. "Asiyekoma, kungoja peke yake hakutakwambia kamwe."

Simba hakumvua Kobe kilemba. Alimwamuru awahukumu wale tu ambao mwendo wao anaweza kuuthibitisha, na kwa waliobaki aseme mbele ya baraza zima: sijui.