Sifa za Kibali

Watu hukilaani kibali kwa sababu hawajakaa nacho vya kutosha. Sisi wa Kotile, hapa kando ya Tana, tunacho tangu enzi za mababu, na nakiri hadharani kwamba hatuna rafiki mwaminifu kukishinda. Mto hupungua, mvua hukawia, mwalimu kutoka bara huomba uhamisho. Kibali hakijatutupa hata siku moja.

Mkoloni ndiye aliyetuanzishia. Kwa sheria ya 1902, kisha ya 1934, kaskazini hii ilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka bila ruhusa ya serikali. Jamani, tulikuwa na viza ndani ya nchi yetu wenyewe! Uhuru ulipokuja hatukunyang'anywa neema hiyo. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipigwa msasa, wakapewa kadi ya rangi ya waridi, rangi ya kupendeza kweli, juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Halafu zikaja kamati: kijana alikaa mbele ya wazee, akaulizwa babu alizikwa wapi na ukoo wake hunywesha ng'ombe kisima gani. Kijana wa Nyeri hakuulizwa hayo, maskini. Nani alimjali babu yake?

Sasa mchukue mwalimu wa hapa mwenye digrii ya Kiingereza anayetaka kwenda kukifundisha ng'ambo. Kitambulisho kwanza, ndipo pasipoti. Kisha cheti cha mwenendo mwema, na kwa hicho atapakwa wino vidole vyote kumi. Wino ule hautoki kwa kunawa mara moja. Jioni atakula wali kwa vidole vyeusi, na kila tonge litamkumbusha kwamba hajamuibia mtu. Chuo gani kingemfunza subira hiyo bure? (Si bure, najua. Kila meza ina ada yake.)

Lakini kilele cha hekima kiko Korea Kusini. Viza yake ya walimu wa lugha, E-2, kwa Kiingereza imekusudiwa hasa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Katiba ya Kenya inakiita Kiingereza lugha rasmi, na mwalimu wetu alifanya mitihani yake kwacho. Yote bure. Kumsikiliza mtu huchukua muda. Jalada la pasipoti husomeka kwa kutupa jicho mara moja.

Na kibali kina fadhila moja nisiyoifanyia mzaha. Januari 2020, walimu 3 walipouawa Kamuthe, hukuhuku Garissa, walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa. Aliyebaki na chaki mkononi ni mwenyeji, pamoja na yule aliyekosa viza.

Februari 2025 Rais Ruto, akiwa ziarani huku kwetu, alitangaza mwisho wa msasa wa vitambulisho. Orodha ya Korea ina nchi zilezile 7, na Kenya haimo.