Hongera, Umejifungua

Leo asubuhi mashine ya getini imenikataa. Mlinzi akasoma kioo kwa sauti ya kuwafaa wote waliopanga foleni: "Kaka, hongera! Humu imeandikwa uko likizo ya uzazi." Mhasibu aliyekuwa nyuma yangu akauliza ni wa kike au wa kiume. Mwingine akataka kujua kama ni mapacha, maana mapacha ni siku 100 badala ya 84, na kwa kitambi hiki aliona nisipunjwe.

Michoro yote ya mifumo ya taasisi yetu naichora mimi, pamoja na mishale ya taarifa zinavyosafiri. Mshale wa kutoka utumishi kwenda getini ni wa buluu, umenyooka. Katika hali halisi, mshale huo ni kijana wa masjala mwenye flashi.

Kinachotokea njiani kinanivutia kuliko aibu yenyewe. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kijana hulifungua faili la watumishi, lenye namba hizo, kwa Excel. Excel ikikutana na tarakimu 20 zisizo na vistari haioni kitambulisho, inaona hesabu, na hesabu ndefu huifupisha. Aliyezaliwa Juni 1985 anageuka 1.98506E+19. Akilihifadhi tena kama maandishi matupu, kilichosalia ni mwaka na mwezi. Siku imepotea, na mtu mwenyewe kapotea nayo. Watumishi wote waliozaliwa Juni 1985, nami nikiwemo, sasa ni mtu mmoja, na mtu huyo, mashallah, amejifungua.

Utumishi wamenitaka niandike barua ya kusahihisha taarifa, niambatishe cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Serikali imejenga GovESB ili taasisi zibadilishane taarifa. Sisi tuko korido moja na tunabebeana flashi. Nikiomba mifumo iunganishwe, hakuna kasma. Ya kununua mfumo mpya haikosekani, kwa sababu mfumo mpya una mgeni rasmi na utepe. Ukiunganisha iliyopo, utakata nini? Wakati huohuo mstaafu anazungushwa dirisha hadi dirisha kwa herufi moja ya jina lake inayotofautiana kati ya mifumo, na sijaona mkurugenzi aliyeulizwa.

Wiki jana ramani yangu ya mifumo ilitandikwa chini ya chupa za chai.

Kesho nimealikwa uzinduzi wa mfumo wa kusajili mifumo. Fulana zimeshafika, seva bado.