Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi, Kuhusu Stroberi

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Utalii (jina tunalihifadhi, harufu inajitangaza),
Karatu.



Sisi madereva wako tunakupongeza kwa kuidhinisha matengenezo makubwa ya Land Cruiser letu: vimti vitatu vya manukato ya stroberi, vikaning'inizwa kwenye kioo. Sasa gari linanuka stroberi na vitunguu vya Mang'ola. Wageni wakipungua, gari la utalii nalo hupewa kazi nyingine bondeni Eyasi, likarudi limelalia springi. Hatuulizi.

Wageni ni waungwana. Pale Ngoitokitok, kwenye bwawa la viboko, mmoja aliuliza kama ile ni harufu ya viboko. Tukajibu ndiyo. Viboko watusamehe.

Vitunguu si tatizo. Kapeti ing'olewe, ifuliwe, ianikwe mpaka na bati la chini likauke. Tunaogopa harufu zile zilizojificha nyuma ya stroberi. Alfajiri kwenye ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, tukiwasha hita inatoka harufu tamutamu na kioo kinapata ukungu unaonata. Ulifurahi ukasema manukato yamekolea. Mheshimiwa, hiyo ni kulanti, maji ya kupozea injini. Rejeta ndogo ya hita inavuja ndani ya dashibodi, na maji yakiisha injini itachemka. Uvundo wa dakika za mwanzo za AC ni kuvu: vumbi jekundu limeziba filta na kibomba cha kutolea maji. Filta mpya, waya mwembamba wa kuzibulia, basi.

Tukishuka kretani kwa barabara ya Seneto, kama mita 600 hadi chini, kunanuka kuungua. Gia nzito tunatumia. Ila breki ya gurudumu moja la nyuma imeng'ang'ania hata mguu ukiwa mbali na pedali.

Halafu moshi. Hapa utani tunauweka pembeni. Ekzosi imetoboka chini ya viti vya nyuma, na moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu yoyote. Mgeni akisinzia mbele ya simba, tutadhani amechoka na safari.

Tunaomba usilikague tena gari likiwa limeachwa milango wazi. Lifungwe usiku kucha, kisha asubuhi ukae wewe kiti cha nyuma mpaka geti la Lodoare, vioo juu. Ekzosi fundi ameshaiona. Anasubiri saini yako tu.

Wako watiifu,
Madereva wa zamu