Ndege Yangu, Ndege Wangu

Jumatatu
Mhariri kanipigia simu kutoka Dar es Salaam. Anataka makala kuhusu mtu wa muziki wa kwetu aliyetumikia jeshi la anga wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwisho Ijumaa. Nikamwambia hilo dogo. Simu ilipokatika nikagundua simjui hata mmoja. Lori la pamba limepita hapa Bariadi, na chai yangu sasa ina nyuzi. Nimeinywa.

Jumanne
Nimempata: Fundi Konde. Kazaliwa 1924 pwani ya Kenya, akapiga muziki jeshini, baadaye akarekodi santuri za HMV. Kasoro yake ni moja tu, jeshi la anga hakuligusa. Alikuwa Keya, King's African Rifles, kwenye kikosi cha burudani cha Peter Colmore, kilichopelekwa Ceylon, India na Burma kuwatumbuiza askari. Nikamweleza mhariri.

"Ndege ipo?" akauliza.

Nikamjibu ipo. Wimbo wake unaojulikana sana ni "Tausi Ndege Wangu". Akanyamaza. Nimeuhesabu ukimya huo kuwa ruhusa.

Jioni nikamwambia kijana wa bodaboda anipeleke kwa mzee yeyote anayejua habari za Fundi Konde. Amenipeleka Somanda kwa fundi pikipiki. Fundi akanisikiliza kwa makini, akasema hiyo si kazi yake, niende kwa jamaa anayefundisha ndondi. Nauli ya kurudi nimelipa mimi.

Jumatano
Nimepakua nyimbo zake ili nijue ninachokiandika. Nikaiunganisha simu na spika yangu, nikabonyeza, kimya. Nikaongeza sauti. Bado kimya. Nikaongeza hadi mwisho. Kumbe simu ilikuwa imejiunga na spika ya jirani, ambako kwaya ilikuwa mazoezini, na wimbo wenyewe ulikuwa "Majengo Siendi Tena".

Mke wangu alikuwa kwenye kwaya hiyo. Aliporudi aliuliza ni nani haendi tena Majengo, na alipokuwa akienda alikuwa anafuata nini. Nikamweleza kwamba Majengo hiyo iko Kenya. Akasema kila mji una Majengo yake. Chakula cha usiku: michembe, bila maelezo.

Alhamisi
Pancha njiani kwenda Nkololo. Nimetembea kilomita nne hivi nikila vumbi, huku kijana wa boda akisukuma pikipiki yake na kunipa pole, na mimi nikimpa pole yeye.

Mzee niliyeelekezwa yupo. "Mwangaluka, babu." Akaitikia, akataka kujua mimi ni mtoto wa nani. Hilo lilichukua saa nzima. Baba yake alikuwa Keya, alifika Burma. Nikauliza, ndege za vita aliziona?

"Aliziona sana. Zilikuwa zinamwangushia mchele."

Nimefurahi kuliko nilivyoonyesha, maana hapo ndipo jeshi la anga lilipo. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw kuelekea mto Chindwin katikati ya mvua za monsuni. Njia ziligeuka tope, malori yakakwama, na mahitaji ya askari yakaletwa na ndege. Mengine yalishuka kwa miavuli, mengine yaliachwa tu yaanguke. Mzee anasema baba yake alikuwa akisikia ndege ya adui anajificha, akisikia ndege ya upande wake anajificha pia, kwa sababu gunia halichagui.

Nikauliza kama aliwahi kuzungumzia bendi. Akasema hapana, alizungumzia meli. Aliogopa meli mpaka anakufa. Sikumuuliza ni ipi. Tarehe 12 Februari 1944 Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Walikufa watu 1,297, mamia yao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Wanamuziki nao walikuwa na bahari hiyo hiyo ya kuvuka.

Nikaomba kuiona nishani ya baba yake. Mzee akanionyesha kabati. Nyota ya shaba imepigiliwa msumari mmoja ili mlango usifunguke wenyewe. Nikaizungusha niione vizuri. Mlango ukafunguka, sufuria mbili zikanidondokea mguuni. Sasa nachechemea.

Ijumaa
Nimeandika tangu alfajiri. Nilikuwa kwenye sentensi inayosema Fundi Konde alikuwa miongoni mwa wa kwanza Kenya kupiga gitaa la umeme, umeme ukakatika. Sikuwa nimehifadhi kitu. Nikaenda kwenye kibanda cha kuchapa chenye jenereta, nikamsomea dada pale kwa sauti. Kila nikisema "Fundi" anainua kichwa na kuuliza, "Wa nini?" Mara ya tano nikamwambia, wa gitaa. Ameandika hivyo. Sasa makala nzima inamtaja Fundi Gitaa Konde. Muda ulikuwa umekwisha, nikaituma.

Jumamosi
Mhariri kajibu. Makala imempendeza, na chumba cha habari kimeipangia ukurasa wa utalii na wanyamapori, kwa kuwa mkoa wetu unapakana na Serengeti. Anaomba picha ya tausi, ikiwezekana akiwa ametandaza mkia.

Nimemjibu kwamba Bariadi tuna kanga.