Fundi wa Chumbani

Mbugangari tunaye fundi wa gitaa la besi. Ushahidi: kila jioni anapopiga chumbani kwake, sufuria za majirani hutetemeka. Mwulize kile mpiga besi Mpudi Decca alichokuwa akifanya nyuma ya Franco katika bendi ya TPOK Jazz, atakueleza mpaka chai ipoe. Ila bendi ikimwita, ana homa. Kwaya ikimwita, uzi umekatika. Wanamuziki wa Goma, ng'ambo tu ya mpaka wa Petite Barrière, wakimwalika mazoezini, kitambulisho kimepotea. Kitambulisho kilekile alichovukia jana kwenda kununua kitenge!

Anasema anasubiri awe tayari. Tayari kwa lipi? Katika rumba besi haiombwi maajabu. Inaombwa noti ya chini ya kila kodi, ianguke pamoja na ngoma kubwa, na inyamaze inapopaswa kunyamaza. Hayo ukuta wa chumbani haufundishi. Ukuta haukimbizi mwendo, haubadilishi ufunguo ghafla, wala hausahau kiitikio. Bendi hufanya yote matatu kabla sebene, ile sehemu ya kucheza, haijaanza, na kuifuata hujifunzwa ukiwa ndani yake.

Bwana fundi, hao unaowaogopa wanatazama vidole vyao wenyewe. Wasikilizaji, kwa taarifa yako, wanamtazama mwimbaji. Ukikosea noti moja, atakayejua ni mpiga solo, naye atanyamaza kwa kuwa yeye kakosea tatu. Nenda mazoezini Jumamosi hii. Nauli tutakuchangia, na wa kwanza kutoa ni jirani wa ukuta mmoja.